Saa janja mkononi: namna ya kuitumia ikufae kila siku

Saa janja ikishaunganishwa na simu kwa mara ya kwanza, huanza kuuletea mkono wako kila kinachoingia kwenye simu hiyo: ujumbe wa ndugu, tangazo la duka, habari kwamba mtu usiyemfahamu ameipenda picha yako, na taarifa kwamba programu fulani imepata toleo jipya. Siku ya kwanza inafurahisha. Ifikapo siku ya tatu, saa inatetemeka ukiwa umebeba mtoto, ukiwa unafungua mlango, ukiwa katika maombi, na huwezi tena kuutambua mtetemo wenye maana na usio na maana. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na kuzima.

Nililijua jambo hili siku nilipokuwa nimeketi na mama yangu mzazi akinisimulia habari za ugonjwa wa jirani. Saa ilitetemeka, nikageuza mkono nikaitazama. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, kama una haraka nenda, tutaongea siku nyingine.” Sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa nimesoma tangazo la punguzo la bei ya viatu. Kutazama saa mbele ya mtu kuna maana yake ya tangu zamani, na mtu huyo hawezi kujua kwamba saa yako siku hizi inaonyesha pia mambo mengine. Jioni hiyo nilizima arifa zote, halafu nikazirudisha moja baada ya nyingine.

Nawe fanya hivyo hivyo. Fungua kwenye simu programu inayoiendesha saa, ingia sehemu ya arifa, uzime kila programu iliyoorodheshwa. Kisha rudisha simu zinazopigwa, ujumbe wa watu wachache ambao ni lazima uwajibu, kalenda, na kengele ya kuamka. Kwa kila programu nyingine jiulize swali moja: je, ningependa mtu anishike bega katikati ya kazi ili anieleze jambo hili? Kama jibu ni hapana, iache imezimwa. Baada ya siku tatu au nne utajua kama kuna kitu cha muhimu kilichokupita, nawe utakirudisha hicho peke yake. Jifunze pia mapema namna ya kuwasha hali ya ukimya, ambayo katika saa nyingi hupatikana kwa kutelezesha kidole kwenye kioo, ili msibani, mkutanoni au ibadani usianze kuhangaika na vitufe.

Kuhusu kuunganisha kwenyewe, maneno hayahitaji kuwa mengi. Hakikisha kabla ya kununua kwamba saa inaelewana na simu uliyonayo, kwa sababu Apple Watch hufanya kazi na iPhone pekee, na saa nyingi za sasa zinazotumia Wear OS, yaani mfumo wa Google wa kuendeshea saa, zinahitaji simu ya Android. Mawasiliano ya Bluetooth kati ya saa na simu hufika takriban mita 10, na kuta huyapunguza. Ukitoka nje ya umbali huo saa huendelea kuhesabu na kuhifadhi vipimo, kisha huvihamishia kwenye simu zinapokaribiana tena. Unapoulizwa umri, urefu, uzito na mkono unaouvalia saa, jibu kwa ukweli. Saa hukadiria urefu wa hatua yako kutokana na urefu wa mwili, na hukadiria nguvu unayotumia kwa kuzingatia uzito, hivyo ukiidanganya mwanzoni itakudanganya kila siku.

Namna ya kuivaa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nitakaa kidogo. Geuza saa uitazame mgongoni: utaona vitaa vidogo vya kijani na, karibu navyo, kihisi kinachopokea mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu katika mishipa midogo iliyo chini ya ngozi huongezeka, mwanga mwingi zaidi hunyonywa na mchache zaidi hurudi. Kati ya pigo na pigo hali hubadilika. Saa husoma kupanda na kushuka huko na kukigeuza kuwa idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa hiyo mwanga wa nje ukipenya chini ya saa iliyolegea, au saa ikicheza kila unapoutikisa mkono, kihisi hupokea mchanganyiko wa mapigo na mitikisiko, nawe utashangaa kuona moyo “ukipiga” mara 150 huku umesimama ukifua nguo.

Ivae juu kidogo ya mfupa unaojitokeza kwenye kifundo cha mkono, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kimoja. Tikisa mkono: ikiteleza, imelegea. Ivue baada ya saa moja: ikiacha alama ya kina kwenye ngozi, imebana mno. Wakati wa mazoezi isogeze juu zaidi, upana wa vidole viwili, uibane kidogo, na umalizapo uilegeze. Mchoro wa wino kwenye ngozi unaweza kuzuia mwanga, na baridi kali hufanya mishipa ya mkononi isinyae, hivyo katika hali hizo vipimo huyumba bila saa kuwa mbovu. Anayenyanyua vyuma au kufanya mazoezi ya kukunja kifundo cha mkono mara kwa mara atapata vipimo bora kwa mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo badala ya mwanga.

Hatua, na ile namba 10,000

Hatua huhesabiwa na kihisi cha mwendo kinachotambua mdundo wa mkono unapotembea. Kwa sababu hiyo, ukisukuma kigari cha mtoto au toroli huku mkono umetulia, hatua nyingi hupotea. Na ukikuna nazi au kupiga makofi kwa muda mrefu, saa inaweza kukuongezea ambazo hukuzipiga. Usihangaike na makosa hayo madogo. Saa ni ile ile na mkono ni ule ule, hivyo ulinganisho wa wiki hii na wiki iliyopita bado una maana.

Lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi huja nalo lina asili ya kibiashara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000, na namba hiyo ikaenea ulimwenguni kana kwamba imetoka kwa daktari. Kwa mtu anayekaa kitini siku nzima inaweza kukatisha tamaa, na kwa anayefanya kazi ya miguu haisemi lolote. Ushauri wangu ni huu: vaa saa kwa wiki moja bila kubadili chochote katika maisha yako, chukua wastani wa hatua zako za kila siku, kisha uongeze 1,000. Ukizizoea, ongeza tena. Kipimo kingine cha kufuata ni kile cha Shirika la Afya Duniani, linalopendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, nazo saa huzihesabu vizuri mradi uwe umeivaa inavyotakiwa. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kipimo hicho hakihitaji betri, nami hukitumia pamoja na saa.

Kusoma mapigo ya moyo bila kujitia hofu

Mapigo ya mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, na wanaofanya mazoezi sana wanaweza kuwa chini ya hapo bila tatizo. Namba moja ya saa nane mchana haikuambii kitu. Tazama mapigo ya mapumziko katika kipindi cha wiki kadhaa, nawe utaona mstari ukikaa karibu mahali pamoja, kisha siku moja unapanda kidogo. Mara nyingi sababu utaijua mwenyewe: homa inakuja, ulilala vibaya, ulikunywa pombe, una msongo wa mawazo. Mstari ukiendelea kupanda kwa siku nyingi bila sababu unayoijua, au saa ikikuonya mara kwa mara kwamba mapigo hayana mpangilio, nenda kwa daktari ukiwa na vipimo hivyo kwenye simu. Hapo saa imefanya kazi nzuri sana.

Lakini mpaka wake uujue. Baadhi ya saa zina kipimo cha umeme wa moyo unachokipata kwa kuweka kidole kwenye kitufe; kipimo hicho hutazama moyo kutoka upande mmoja tu, ilhali kile cha kawaida cha hospitali huutazama kwa njia 12. Saa haiwezi kutambua shambulio la moyo. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali hata kama saa inaonyesha kila kitu ni cha kijani. Vilevile, jihadhari na saa zinazouzwa kwa madai ya kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga dawa kwa kufuata namba ya uongo anahatarisha uhai wake, na hili nalisema kwa uzito wote.

Usiku na asubuhi

Saa hukisia usingizi kwa kuangalia mwili ulivyotulia na mapigo yalivyoshuka. Muda wa kulala na wa kuamka huupata kwa usahihi unaoridhisha. Mgawanyo wa usingizi mwepesi, mzito na wa ndoto ni makadirio. Asubuhi, kabla ya kufungua ripoti, jiulize kwanza unajisikiaje. Wapo watu waliolala vizuri ambao huchoka mara tu wanaposoma alama ndogo kwenye kioo. Zima mwanga wa kioo na arifa zote za usiku, na utumie kengele ya mtetemo, ambayo kwa mwenye mwenza au mtoto mchanga chumbani pengine ndiyo faida kubwa kuliko zote: wewe unaamka, wengine wanaendelea kulala. Ichaji wakati unaoga au unakula chakula cha jioni, ili usiku iwe mkononi.

Kuna mambo madogo ambayo yatakuokolea muda mara nyingi kwa siku: kipima muda unapopika, kitufe cha kuifanya simu iliyopotea iite kutoka chini ya mto, na malipo kwa kugusisha saa kwenye mashine pale huduma hiyo ilipo. Ukitumia malipo, weka namba ya siri. Saa hujifunga inapovuliwa, na mwizi hataweza kulipa nayo.

Jambo moja lisisubiri kesho: sajili watu wa kuarifiwa wakati wa dharura, ujue ni kitufe gani cha kubonyeza, na uwashe utambuzi wa kuanguka kama saa yako inao, hasa ikiwa inavaliwa na mzee. Kumbuka kwamba saa isiyo na laini yake yenyewe hutegemea simu iliyo karibu. Mzee anayeacha simu chumbani na kwenda bustanini ya mbali hana ulinzi anaodhani anao.

Utunzaji na faragha

Kinachomaliza betri ni kioo kinachowaka muda wote na GPS, yaani kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali ulipo. Katika vioo vya OLED, ambavyo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, sehemu nyeusi haiwaki kabisa, hivyo sura nyeusi ya saa huokoa chaji. Usiiache juani wala garini kwenye joto, kwa kuwa joto huzeesha betri. Maandishi ya “5 ATM” yana maana ya shinikizo la maabara linalolingana na kina cha mita 50. Si ruhusa ya kuzamia, wala ya kuingia nayo kwenye mvuke, ambao pamoja na sabuni hudhoofisha mpira unaozuia maji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Mkanda uoshe mara kwa mara na uukaushe pamoja na ngozi iliyo chini yake, kwani vipele vingi hutokana na jasho na sabuni vilivyonaswa hapo.

Mwishowe, saa inajua unapoishi, unapokimbia na saa unayotoka. Mwaka 2018 ilibainika kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa hadharani na Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilikuwa inaonyesha njia ndani ya kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na vifaa vyao. Ingia kwenye mipangilio, fanya njia zako zionekane na wewe peke yako, au ufiche mwanzo na mwisho wa njia ulio karibu na nyumbani. Na siku utakapomuuzia mtu saa hiyo au kumpa mdogo wako, itenganishe kwanza na simu, iondoe kwenye akaunti yako, kisha futa kila kilichomo. Ukiifuta tu bila kuiondoa kwenye akaunti, huenda atakayeipokea akashindwa kabisa kuiunganisha na simu yake.