Kabla ya Kubomoa Meko ya Sebuleni

Kubomoa meko ya sebuleni ni kazi ya nusu siku. Kuurudisha ukuta mpaka mgeni asijue kwamba palikuwa na kitu hapo ni kazi ya mwezi mzima, na ndiyo inayomaliza pesa. Kwa hiyo kabla hujampigia fundi simu, jua kwanza unabomoa nini.

Nyumba za Nairobi na viunga vyake zina meko ya aina mbili. Kuna ya kweli, kama yale ya nyumba kuukuu za Limuru na Tigoni, ambako ikifika Julai watu bado huwasha kuni: hayo yana dohani inayopanda hadi juu ya paa. Halafu kuna ya mapambo, yaliyobandikwa ukutani ili sebule ipendeze, yaani mawe ya Mazeras yaliyokatwa vipande, rafu ya mbao juu yake, na tundu lisilokwenda popote, pengine lenye hita ya umeme. Usitegemee maneno ya aliyekuuzia nyumba. Toka nje utazame paa, kisha uchukue tochi uchungulie tundu kwa juu. Ukiona mwanga, masizi au vijiti vya kiota, hiyo ni dohani iliyosahauliwa, na huenda ina wapangaji. Nyuki hupenda dohani isiyowashwa moto. Mwite mrina asali kabla ya mwashi.

Ikiwa ni dohani ya kweli, kuondoa rafu na urembo wa mbele hakuna shida. Lakini ile nguzo pana ya mawe inayotokeza ukutani usiiguse kabla ya mhandisi aliyesajiliwa kuiona, kwa sababu mawe yote ya juu ya dari yameikalia. Na tundu lisizibwe kabisa: acha kijitundu cha hewa chenye wavu karibu na sakafu, na juu ya paa weka kofia ya kuzuia mvua. Dohani isiyopumua hukusanya unyevu, unyevu huyeyusha masizi, na madoa ya kahawia hutokeza juu ya kila rangi utakayopaka. Ukikuta bodi za kijivu za zamani zinazoweza kuwa na asbesto, simamisha kazi. Usizivunje wala kuzikata. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, siyo kwenye soketi tu. Fundi wetu alianza na nyundo saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne nusu ya nyumba haikuwa na taa: waya wa hita ulikuwa umepitishwa kimshazari ndani ya plasta, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingeupitisha.

Sasa ukuta. Gonga kwa vifundo vya vidole kuzunguka meko yote. Panapotoa mlio wa uwazi, plasta imeachana na mawe na itaanguka hata usipoigusa, basi iingize kwenye hesabu mapema. Nyuma ya Mazeras mara nyingi hakuna plasta kabisa, maana fundi wa kwanza aliokoa simenti kwa kubandika juu ya mawe matupu. Hapo utajaza shimo la sentimita tatu au nne, na haraka ndiyo huharibu kila kitu: plasta nene ikipigwa kwa mkupuo mmoja huteleza au hupasuka. Piga tabaka lisilozidi milimita 15, likwaruze likiwa bichi, liache likauke, ndipo upige linalofuata. Ukuta uwe safi na uloweshwe kwanza, la sivyo mawe yatanyonya maji ya simenti. Plasta mpya inapokutana na ya zamani, pigilia ukanda wa wavu wa waya, ama ufa utaichora ramani ya meko yako upya. Mwagilia kwa siku saba, kisha ngoja wiki nne hivi kabla ya rangi. Kwa nyumba kongwe iliyopigwa plasta ya chokaa, rudishia chokaa. Simenti ni ngumu mno kwake na hufungia unyevu ndani.

Vumbi la mawe si la mchezo. Hamisha viti, funika kisichohamika, ziba chini ya milango, na kila aliyemo chumbani avae barakoa nzuri, siyo leso.

La mwisho ndilo husahaulika: chini ya meko hakuna sakafu. Utabaki na mstatili wa zege katikati ya vigae ambavyo pengine havitengenezwi tena, kwa hiyo zunguka madukani na kipande mkononi kabla hujabomoa. Sisi tulizunguka baadaye. Mahali hapo sasa pana kabati la vitabu, na halisogezwi.