Kuchagua Vifaa Vinavyooana vya Kompyuta ya Mezani ya Bei Nafuu Ukiwa Tanga

Mkazi wa Tanga anayetaka kujiundia kompyuta ya mezani kwa fedha kidogo mara nyingi hulazimika kuagiza sehemu kubwa ya vifaa kutoka Kariakoo, vikaletwa kwa basi. Kifaa kisichooana na vingine humgharimu nauli ya kukirudisha na siku za kusubiri, na pengine muuzaji akawa mgumu kukipokea. Kwa hiyo suala la kuoana lazima limalizwe kwenye karatasi, jina kamili la kila kifaa likiwa limeandikwa, kabla ya kutuma fedha yoyote kwa simu.

Anza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na mazabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, na vyote viwili vichaguliwe kwa pamoja. Kinachoviunganisha ni soketi, yaani tundu ambamo prosesa hukaa. Kwa mfuko mdogo napendekeza soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD, mshindani wa Intel katika prosesa, iliyoanza mwaka 2016, kwa sababu imebeba prosesa za Ryzen tangu zile za kwanza za 2017 hadi mfululizo wa 5000 ulioanza 2020, na kwa sababu hutumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kizazi cha DDR4. Mrithi wake AM5, iliyotoka 2022, hukubali kizazi kipya zaidi cha DDR5 peke yake, na gharama yake hupanda haraka.

Hata hivyo, soketi kulingana hakutoshi. Mazabodi ya B450 ilitoka 2018, ikiwa na BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, isiyoijua Ryzen 5 5600. Ukiziunganisha bila BIOS kusasishwa, feni zitazunguka lakini skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu. Muulize muuzaji toleo la BIOS lililomo, kisha ulilinganishe na orodha ya prosesa zinazokubalika iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi hiyo. Kwa upande wa Intel mtego ni mkubwa zaidi. Core i5-7400 na Core i5-8400 zote hukaa kwenye soketi iitwayo LGA1151, lakini ya pili haifanyi kazi kwenye mazabodi ya H110 au B250 iliyotengenezwa kwa ajili ya vizazi vya sita na vya saba. Yenyewe inahitaji mazabodi ya mfululizo wa 300, kama H310 au B360. Asiyelijua hilo huona bei nzuri ya mazabodi iliyotumika, akainunua, na prosesa ikamkalia bure.

Herufi ya mwisho ya jina la prosesa nayo isomwe kwa makini. Core i3-12100 inaweza kuonyesha picha bila kadi ya michoro, ila Core i3-12100F haiwezi. Vivyo hivyo, Ryzen 5 5600G ina uwezo huo ndani yake, ilhali Ryzen 5 5600 haina. Kwa mwanafunzi au mwenye duka la uchapaji asiyecheza michezo mizito, prosesa yenye michoro ndani yake humwondolea kabisa gharama ya kadi, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi unaookoa fedha nyingi kuliko mwingine wowote.

RAM haina maneno mengi. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato ulio kwenye ukingo wa pini zao hauko mahali pamoja, hivyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Mazabodi za H610 zipo za aina zote mbili, kwa hiyo soma jina lote. Nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, hasa ukitegemea michoro ya prosesa. Kuhusu SSD (diski ya kuhifadhia data) ya umbo jembamba la M.2, hakikisha kama nafasi ya mazabodi hukubali aina ya NVMe, ya SATA au zote mbili.

Pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa vingine, ndiyo wengi hufanyia ubahili, na ndiyo isiyostahili kabisa kufanyiwa hivyo. Prosesa ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zote huweza kufikia karibu wati 90, kadi ndogo ya michoro kama GTX 1650 huchukua takriban 75, na vilivyobaki ukivikadiria kwa 50 utapata jumla ya kama 215. Pawa saplai ya wati 400 au 450 ya mtengenezaji anayeaminika inatosha kwa nafasi, nami ningeichagua hiyo kuliko isiyo na jina iliyobandikwa 500. Iwe na plagi ya pini 24 na ile ya prosesa. Kama ni ya zamani yenye swichi nyuma, iwekwe kwenye 230 kabla ya kuchomekwa, kwani ikiachwa kwenye 115 itaungua papo hapo.

Wengi hushawishika kununua kompyuta ya Dell OptiPlex iliyotoka maofisini ili waiongezee nguvu. Ni njia nzuri kwa atakayeitumia kama ilivyo. Lakini nyingi za aina hiyo, kama OptiPlex 3020 na 9020, hazitumii plagi ya pini 24 ya kawaida, hivyo pawa saplai ya kawaida haiziingii moja kwa moja, na zile zenye kasha jembamba hupokea kadi fupi za nusu kimo tu.

Kasha la kununua peke yake lilingane na ukubwa wa mazabodi, ambao huitwa ATX kwa kubwa na Micro-ATX kwa ndogo: Micro-ATX, yenye upana usiozidi milimita 244, huingia kwenye kasha la ATX, lakini ATX haiingii kwenye kasha dogo.

Hewa ya bahari ya Tanga ina chumvi na unyevu, kwa hiyo mazabodi iliyotumika ikaguliwe kutu kwenye matundu ya nyuma na rangi ya kijani kwenye viungio. Kama inaagizwa, mwombe muuzaji aiwashe ikiwa na prosesa na RAM zilezile unazonunua, akutumie picha ya ukurasa wa BIOS unaozionyesha zote, ndipo mzigo upelekwe kituo cha mabasi.