Jinsi ya kuchagua njia ya kurejesha hifadhidata kubwa baada ya maafa

Kabla ya kugusa programu yoyote, wape wenye biashara maswali mawili: maafa yakitokea, tunaweza kukubali kupoteza data ya dakika ngapi? Na huduma inaweza kuzimika kwa saa ngapi? Jibu liandikwe kwa tarakimu. "Haraka iwezekanavyo" halipimiki.

Kisha piga hesabu. Terabaiti 10 kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, hata kasi isiposhuka kamwe. Kwenye gigabiti 10 ni zaidi ya saa 2, mradi diski zimudu kuandika gigabaiti 1 na ushei kila sekunde. Ukiwa umeahidi saa 4 na mtandao wako ni ule wa kwanza, nakala rudufu peke yake haitakuokoa. Unahitaji seva pacha, yaani seva ya pili inayopokea kila badiliko la seva kuu, iliyo tayari muda wote.

Pg_dump (ya PostgreSQL) na mysqldump (ya MySQL), programu zinazotoa data rekodi kwa rekodi, ziachie hifadhidata ndogo. Kwenye kubwa, tabu huja wakati wa kurejesha: rekodi zinaingizwa upya, halafu faharasa zote zinajengwa kuanzia sifuri. Nakili faili zenyewe kwa pgBackRest (ya PostgreSQL) au XtraBackup (ya MySQL), na uhifadhi logi za miamala, yaani kumbukumbu za kila badiliko, bila kukatiza, ili uweze kurudi hadi sekunde chache kabla ya kosa. Logi moja ikikosekana katikati, zote zinazoifuata hazina kazi kwa nakala hiyo. Katika PostgreSQL, faili ya logi ni megabaiti 16 na kwa kawaida haipelekwi kwenye hifadhi mpaka ijae, kwa hiyo weka archive_timeout, muda wa juu wa kusubiri kabla ya kuipeleka, iwe sekunde 60. Archive_command, amri inayozipeleka, nayo ikishindwa, logi hurundikana ndani ya pg_wal, folda yake kwenye seva, hadi diski ijae na seva isimame. Tega kengele hapo.

Seva pacha hukinga dhidi ya kufa kwa mashine, basi. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, pacha naye analifuta papo hapo. Ndiyo maana tunapendekeza pacha wa pili anayechelewa: weka recovery_min_apply_delay, mpangilio wa kumchelewesha, iwe saa 4, kisha kosa likitokea unamsimamisha kwa pg_wal_replay_pause() na kulitoa jedwali likiwa zima. Ukitaka pacha asipitwe na muamala hata mmoja, kila muamala utamsubiri. Umbali wa kilomita 1,000 huongeza kama milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi.

Nakala moja ikae kituo kingine, chini ya akaunti ambayo msimamizi wa seva kuu hawezi kufuta kitu.

Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, walifuta data kwenye seva kuu kimakosa. Nakala za pg_dump hazikuwepo: toleo la 9.2 lilikuwa likitumika kwa seva ya 9.6, likashindwa, na barua pepe za onyo zikakataliwa njiani. Walirejesha kutoka kwenye picha ya diski ya saa 6 nyuma.

Kwa hiyo kila mwezi rejesha nakala nzima kwenye seva tupu, saa ikihesabu. Endesha pg_amcheck, programu ya PostgreSQL ya kutafuta data iliyoharibika, angalia muda wa muamala wa mwisho uliopatikana, linganisha na zile tarakimu mbili. Zikipitwa, ongeza kasi ya mtandao na diski, au gawanya hifadhidata ili majedwali ya huduma muhimu yarudi kwanza.