Makande yamepikwa, je, wanafunzi wamebaki?

Shule ya kata ikianzisha chakula cha mchana ili kupunguza mdondoko, yaani wanafunzi kuacha shule, ripoti ya mwisho wa mwaka huwa ya mstari mmoja: "Utoro umepungua." Umepungua kutoka ngapi? Hatua hizi ni za mwalimu wa takwimu au Afisa Elimu Kata anayetaka jibu la kusimamia mbele ya bodi ya shule.

1. Fuata majina, achana na jumla. Chukua orodha ya walioripoti Kidato cha Kwanza, umfuatilie kila mmoja hadi cha Nne. Jumla ya darasa hudanganya, maana wanaohamia na wanaokariri kidato huziba nafasi za walioondoka.

2. Kila asiyekuwepo apate maelezo. Tuseme walianza 120, leo wako 96. Ukitangaza mdondoko wa asilimia 20 utawaonea walimu. Fungua faili: 11 wamehama, 4 wamekariri kidato, mmoja alifariki. Wanabaki 8, chini kidogo ya asilimia 7. Barua ya uhamisho pekee haitoshi. Piga simu shule iliyompokea, kwani wapo wanaoichukua na kuishia kwenye bodaboda. Wasichana waliorudi baada ya kujifungua, kama waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 unavyoruhusu, wape safu yao.

3. Ikague rejesta. Hapa niliumbuka. Mwaka mmoja nilisifu mahudhurio mbele ya wazazi, kumbe wiki nzima ilijazwa kwa mkupuo: kalamu moja, mwandiko mmoja, hata Jumatano ambayo mto ulifurika na nusu ya darasa haikuvuka. Siku hizi nahesabu vichwa mwenyewe bila taarifa, hasa siku ya mnada, ndipo nafungua rejesta.

4. Tafuta wa kulinganisha nao. Kundi lililotangulia mpango katika shule hiyo hiyo linafaa, na shule jirani isiyopika ikiongezwa ni bora zaidi. Ila usirudi nyuma ya 2016: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka huo, na makande yatapewa sifa zisizo zake. Utoro wa msimu wa palizi nao ulinganishe na wa palizi.

5. Uliza nani alikula. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Mahindi na maharage yanapotoka kwa wazazi, mtoto wa asiyechangia mara nyingi hukaa chini ya mwembe wenzake wakila, na huyo ndiye aliye karibu zaidi kuacha shule. Omba daftari la mpishi, ugawe majina: waliokula karibu kila siku, waliokula mara chache, wasiokula kabisa. Kundi la kwanza likibaki shuleni usishangilie haraka. Nyumba yenye debe la kuchangia huenda ingemsomesha mtoto hata bila makande. Walioingizwa kwenye chakula bure ndio watakaokupa jibu la kuaminika.

6. Waendee wale 8. Nenda na mtendaji wa kijiji, lakini akishakuonyesha nyumba mwombe akusubiri barabarani. Mzazi akimwona huwaza faini, na utaambiwa mtoto yuko kwa shangazi yake.