Gumbo ya sherehe Louisiana: geuza pakiti usome nyuma kabla hujawasha jiko

Nawaandikia nyie mlioko Louisiana, na hata Houston maana vyakula hivi vimejaa huko pia, mnaotaka kuwapikia watu wa nyumbani chakula cha huku siku ya shughuli. Sisi tulikuwa na mahafali ya binti yetu hapa Baton Rouge, mwezi wa tano, wageni kama 40, wengi wa Tanga na Mombasa, na shangazi yangu alipanda ndege kutoka Tanga kwa ajili ya siku hiyo tu. Nikasema pilau wameizoea, leo wale gumbo, ile supu nzito ya huku inayoliwa na wali. Ikatoka vizuri kweli, na sufuria yote tukaimwaga.

Kilichotuponza ni soseji. Gumbo ya kuku inataka soseji ya moshi, na ile yao ya asili ni anduwi, kwenye pakiti utaona imeandikwa andouille, hiyo ni nguruwe moja kwa moja na hilo nilikuwa nalijua. Kuku mwenyewe nilinunua duka la halali. Kwenye soseji nikalegeza, nikasema nyama ya Ahlul Kitabi (Wakristo na Wayahudi) inafaa, wengi wetu huku tunaenda hivo, nikamtuma binamu yangu mwenye miezi mitatu tu nchini akalete soseji za kuku. Akaona picha ya kuku, akaona chicken kwa herufi kubwa, akabeba pakiti 8. Na nyama ya ndani ilikuwa ya kuku kweli. Ila ile ngozi iliyoshika nyama ilikuwa utumbo wa nguruwe, na imeandikwa nyuma kwa viherufi vya sisimizi: "pork casing".

Sheria ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inamlazimisha mtengenezaji aandike kama ngozi imetoka kwa mnyama tofauti na nyama iliyo ndani, kwa hiyo niliporudi dukani na pakiti zangu meneja akanionyesha ule mstari kwa kidole, kwa adabu zote, mazungumzo yakaishia hapo na hela haikurudi. Huku ndo walivyo, kikishaandikwa basi umeambiwa, kusoma ni juu yako. Nyumbani bucha ukimuuliza anakujibu usoni na kesho mtaonana tena msikitini au sokoni. Mimi naona ule utaratibu wetu una utu zaidi, lakini hapa haupo, kwa hiyo soma nyuma.

Na kwa nini sikusoma mwenyewe? Kwa sababu ya ruu. Ruu ni unga wa ngano na mafuta kiasi sawa, mimi niliweka vikombe 4 kwa 4 kwa supu ya lita 11 hivi, unaukoroga moto mdogo dakika 30 mpaka 45 hadi upate rangi ya chokoleti, na huruhusiwi kuondoka, ukiona vidoa vyeusi imeungua, mwaga uanze upya. Binamu ameingia na mfuko nimeshika mwiko, nikamwambia katakata weka hapo. Pakiti zikaenda kwenye ndoo ya taka hazijageuzwa. Kwa hiyo kila kitu kisomwe JANA YAKE, jiko likiwa limezimwa, mtu mzima ana miwani.

Hatua zingine ni rahisi: kitunguu, seleri na pilipili hoho ya kijani ndani ya ruu (wenyewe wanaviita utatu mtakatifu), supu, kuku, soseji, saa moja na nusu, wali pembeni. Ukitumia file, ule unga wa majani ya mti wa sasafrasi waliofundishwa na Wachoktaw, wenyeji wa asili wa huku, weka moto ukishazimwa la sivyo inavutika kama mlenda.

Watu walikuwa wameshapakuliwa duru ya kwanza wakati shangazi, mwalimu mstaafu huyo, anakusanya taka jikoni. Akaja na pakiti mkononi, "mwanangu, hii pork si ndo nguruwe?" Nikasoma. Sikuwa na la kusema. Yeye akaenda bombani akasukutua, akasukutua tena, hakuniambia neno. Ustadhi mmoja mgeni wetu akawatuliza watu kwamba aliyekula hajui hana dhambi, lakini sherehe ilishapoa.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani mnaonitumia sauti WhatsApp "si mngetoa tu vipande vya soseji muendelee", jamani, gumbo sio nyama ya kuweka upande wa sinia, mafuta yameshaingia kwenye supu. Na wewe binamu sikulaumu, ila picha ya kuku sio cheti.

Halafu mjue nguruwe kwa watu hawa ni kama chumvi. Wakajani, wale Wafaransa wa Akadia waliofukuzwa Kanada na Waingereza kuanzia 1755, walizoea kuchinja nguruwe kijiji kizima na kugawana, kwa hiyo ukiuliza maharage yana nyama watakwambia kwa moyo mweupe kabisa hamna, kumbe kuna kipande cha kukolezea. Hawakudanganyi, kwao hiyo haihesabiki nyama. Usiulize "kuna nyama?", uliza "kuna nguruwe?", tena taja na mafuta yake. Ni watu wakarimu mno, hakuna atakayekasirika. Budini (soseji ya wali) na taso (nyama ya moshi yenye viungo) usiulize hata, ni nguruwe.

Soseji nunua ya ng'ombe yenye muhuri wa halali, bado igeuze. Na kama wageni wako ni Wasabato, na Wakisii wengi ni Wasabato, kumbuka wao hawali nguruwe wala kamba, kaa wala kambare, kwa hiyo ukikimbilia gumbo ya vyakula vya baharini umewakosa. Mimi siku hizi napika sufuria mbili, moja ya kuku na bamia, na ya pili ya majani, gumbo zebu, wanaila sana Kwaresma New Orleans, shangazi aliikubali kwa sababu inamkumbusha mchicha. Lenyewe neno gumbo linatokana na ki ngombo, bamia kwa lugha za wenzetu wa Angola.

Jambalaya, wali unaopikwa pamoja na nyama, ya Wakajani ni ya kahawia, ya Wakreoli, wale wa New Orleans, ina nyanya, na zote soseji iko ndani, soma nyuma.

La mwisho, krofishi, wale kamba wa maji baridi, za kuchemsha nje. Watu wanatupia na soseji humo humo pamoja na mahindi na viazi, kwa hiyo sufuria la kuazima hujui limepitia nini. Sisi tulinunua letu la lita 75, linakaa gereji, na haliazimishwi.