Kuwatafiti mabaharia: namna ya kuwafikia, kuwahoji na kuandika

Anayetaka kujenga kazi ya chuoni juu ya ajira za baharini hukutana na kikwazo kimoja kabla ya vingine vyote: watu anaowatafuta hawapo. Meli inafunga gati Mombasa au Dar es Salaam kwa muda mfupi, mwenye meli yuko nchi nyingine, bendera ni ya nchi ya tatu, na wakala aliyewaandika mabaharia yuko ya nne. Kwa hiyo anza na njia ya kuwafikia, kisha swali lifuate. Wanafunzi wengi hufanya kinyume, na pendekezo lao zuri la kurasa arobaini hufia kwenye geti la bandari.

Punguza swali

"Maisha ya mabaharia" si swali la utafiti. Chagua kundi moja, hatua moja ya ajira na mahali pamoja. Kwa mfano, vijana waliomaliza chuo cha ubaharia Dar es Salaam au Mombasa na ambao bado wanahangaikia nafasi ya kwanza melini, kwa sababu bila muda wa kutosha baharini hawapati cheti cha uafisa. Au familia zinazoishi kwa pesa inayokatwa kwenye mshahara wa baharia na kutumwa nyumbani kila mwezi. Au watu wa majahazi.

Hawa wa majahazi wana tasnifu nzima inayosubiri mtu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ule ambao mabaharia wenyewe huuita MLC, ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Lakini mkataba wenyewe unaviacha nje vyombo vya uvuvi na vyombo vya jadi, na jahazi limetolewa humo kama mfano. Basi anayepakia saruji au mikoko kwenye jahazi analindwa na sheria ipi, na anapoumia nani humlipa? Msomi wa sheria na msomi wa sosholojia watalijibu hilo kwa njia mbili tofauti kabisa, na zote zinahitajika.

Amua mapema umesimama kwenye taaluma gani. Nafasi za kufundisha zinazotangazwa kwa jina la "masomo ya bahari" ni chache sana. Utaajiriwa kama mwanasosholojia, mwanasheria, mwanahistoria au mtaalamu wa afya ya jamii ambaye anajua bahari.

Soma karatasi kabla ya kumkuta mtu

Kila meli kubwa ya biashara ina namba ya IMO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini) yenye tarakimu saba, isiyobadilika hata meli ikiuzwa, ikipewa jina jipya au kuhamishiwa bendera nyingine. Andika namba hiyo daima, kwa sababu jina pekee litakupoteza. Unaweza pia kuikagua kwa kalamu: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Kwa 9074729 unapata 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 = 139, na ya saba ni 9; namba ni sahihi. Isipolingana, umeinakili vibaya.

Ukiwa na namba hiyo, ingia Equasis, hifadhidata ya meli iliyoko mtandaoni. Kujisajili ni bure. Utaona mmiliki, msimamizi wa meli, bendera na kumbukumbu za ukaguzi wa bandarini. ILO, shirika la kazi duniani, na IMO nao wana hifadhidata ya pamoja ya meli zilizotelekezwa na mabaharia wake ndani, iliyo wazi kwa kila mtu. Isome ukijua kwamba inaonyesha kesi zilizoripotiwa tu: kukosekana kwa bandari fulani humo hakuthibitishi kwamba hapo hakuna aliyetelekezwa.

Vibali

Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni ya lazima hata kwa Mkenya, na huipati bila idhini ya kamati ya maadili. Tanzania Bara, mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Wa chuo cha ndani kwa kawaida hubeba barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha mtaa. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakikufikishi huko. Tenga miezi mitatu hadi sita.

Hayo yote hayakufungulii geti. Tangu ISPS, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zianze kutumika Julai 2004, kuingia gatini kunahitaji pasi ya mamlaka ya bandari, na kupanda melini kunahitaji ruhusa ya nahodha. Njia inayofanya kazi zaidi ni kuanzia nje ya geti: vyama vya mabaharia, wakaguzi wa ITF (shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi), ofisi za mawakala, na vituo vya Mission to Seafarers, shirika la kanisa linalowahudumia mabaharia, vilivyoko Mombasa na Dar es Salaam, ambako mabaharia huja kutafuta intaneti na laini ya simu. Ukienda na kasisi anayetembelea meli, jitambulishe kuwa mtafiti kabla hujaketi. Baharia akidhani wewe ni mtu wa kanisa, atakueleza mambo ambayo hakukubali yaandikwe.

Saa ya kumkuta

Baharini, zamu ya darajani, chumba cha kuongozea meli, kwa kawaida ni saa nne kazini na saa nane za kupumzika: ofisa wa pili huanza saa sita, usiku na mchana, ofisa mkuu saa kumi, alfajiri na jioni, ofisa wa tatu saa mbili, asubuhi na usiku. Meli ikiwa gatini ratiba hiyo mara nyingi huvunjwa na kuwa saa sita kazini na sita za kupumzika, kwa hiyo usimwamshe mtu kwa kuamini ratiba. Uliza ubao wa zamu. Mpishi hupumua kati ya kuosha vyombo vya mchana na kuanza chakula cha jioni, nao ndio muda wa mazungumzo bora, kwani mpishi anajua nani amekosana na nani.

Kwa watu wa majahazi, angalia upepo badala ya saa. Kusi linapokaza, Juni hadi Agosti, safari hupungua na nahodha ana muda wa kuketi.

Mahojiano

Usiulize "unalipwa kiasi gani?" Jibu litakuwa namba moja isiyolinganishika na ya mwingine. Mshahara wa baharia una mafungu: msingi, ovataimu ya uhakika (mikataba mingi ya ITF huiweka saa 103 kwa mwezi), malipo ya likizo na posho. Uliza kila fungu peke yake, kwa sarafu ya mkataba. Halafu uliza kiasi kinachotumwa nyumbani, kwa akaunti ya nani na kwa kiwango gani cha kubadilishia fedha. Wizi mdogo hujificha kwenye kiwango hicho.

Ada za kutafutiwa kazi huulizwa kwa kuzunguka. MLC inakataza kumtoza baharia kwa kumpatia kazi; anachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, na viza ni juu ya mwenye meli. Ukiuliza "ulitoa hongo?" utajibiwa hapana. Mwombe badala yake akutajie kila shilingi iliyotoka mfukoni tangu aliposikia habari ya nafasi hadi alipopanda ndege, kisha wewe mwenyewe panga ipi ilikuwa halali.

Saa za kazi ndizo eneo lenye uongo mwingi kuliko yote. Kanuni inadai mapumziko yasiyopungua saa 10 ndani ya saa 24 na saa 77 ndani ya siku saba, yakigawanywa vipande visivyozidi viwili kwa siku, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Daftari la mapumziko karibu daima litaonyesha hivyo hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na World Maritime University ulionyesha kwamba kurekebisha madaftari hayo ni jambo lililoenea. Njia ya kukagua ni kulinganisha: meli ilifunga gati saa ngapi? Ikiwa kamba zilitupwa saa nane na nusu usiku na daftari linasema baharia wa sitaha alilala tangu saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi, daftari limeandikwa mezani.

Jambo linaloharibu data ya Kiswahili bila mtu kugundua: baharia aliyezoea saa ya meli akisema "saa nane" anaweza kumaanisha 0800, na mwenzake kutoka kijiji kilekile akamaanisha 1400. Hakikisha papo hapo na uandike kwa mfumo wa saa 24.

Kwa shahada ya uzamili, mahojiano 15 hadi 20 ya kina yanatosha. Kwa uzamivu, fikiria 40 hadi 60. Saa moja ya sauti hula saa tano au sita za kunakili, na zaidi ikiwa injini inanguruma nyuma. Mjini Dar es Salaam, panga pia utamkubali nani. Ukitangaza unawatafuta mabaharia, watakuja wenye vyeti, waliozamia meli zamani, na vijana ambao hawajawahi kuona injini. Kila kundi lina habari yake, lakini usiwaweke kwenye jedwali moja.

Kuficha jina hakutoshi

Meli ina watu kama ishirini. Ukiandika "mpishi Mkenya kwenye meli ya mafuta yenye bendera ya Liberia, Machi," umemtaja. Wakala atamjua kwa dakika moja, na baharia aliyewekwa kwenye orodha nyeusi hapewi barua ya kumweleza. Simu huacha tu kulia. Ondoa jina la meli, na kati ya cheo, uraia, bendera na tarehe, bakiza viwili tu. Ridhaa iliyopatikana kwa nahodha kuwaita watu mezani si ridhaa. Rudia kuomba faraghani, na mpe mtu nafasi ya kujitoa baada ya kushuka melini, mkataba wake ukiwa umekwisha.

Ukiwa mwanahistoria

Waafrika Mashariki wamo kwenye orodha za mabaharia wa meli za Uingereza na za jeshi lake la majini, ambako waliitwa Seedies na mara nyingi kuandikwa kwa majina ya utani waliyopewa na maofisa. Kumtafuta mtu kwa jina ni kupoteza muda. Sehemu kubwa ya orodha za meli za biashara, hasa za 1863 hadi 1938, iko Maritime History Archive ya Memorial University, St. John's, Kanada, ikiwa imepangwa kwa namba rasmi ya usajili wa meli wa Uingereza, ambayo si namba ya IMO. Pata namba hiyo kwanza. Miaka mingi inayoishia na 5 iko kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, na sampuli ya asilimia kumi iko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Orodha za 1915 zimewekwa mtandaoni bure. Zipitie kwa kutafuta mahali pa kuzaliwa, na ujaribu tahajia zote za Zanzibar na Mombasa, pamoja na zile mbovu. Kisha linganisha na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.

Safari yenyewe

Kupanda meli kama mtafiti kunawezekana, ila barua ianze angalau miezi sita kabla. Kampuni itadai cheti cha afya, chanjo ya homa ya manjano, bima, viza na hati ya kuiondolea lawama. Nafasi ni moja, mara chache mbili, kwa kuwa idadi ya watu melini imefungwa na vifaa vya kujiokolea vilivyoandikwa kwenye cheti cha usalama. Siku tatu za kwanza usirekodi. Usile kila siku meza ya maofisa, vinginevyo mabaharia wa chini watakuona mtu wa kampuni hadi mwisho wa safari.

Fedha na ajira

Chapisha makala mbili kutoka kwenye tasnifu, moja kwenye jarida la taaluma yako na moja kwenye la bahari, kama *Marine Policy* au *International Journal of Maritime History*. Vyuo vya ubaharia vinahitaji walimu wa sheria na ustawi wa mabaharia, na huko utapata kile ambacho chuo kikuu hakina: wanafunzi watakaokuwa melini miaka mitano baadaye. Fedha za utafiti zikitoka kwa kampuni ya meli au kwa chama cha wafanyakazi, andikeni kwenye mkataba kwamba una haki ya kuchapisha bila idhini yao, na kwamba sauti na majina havitakabidhiwa kwa yeyote. Wakigoma kutia sahihi kifungu hicho, tafuta fedha kwingine.