Mwili unapojitikisa wenyewe: anzieni mazoezi kwenye kiti

Anayemsaidia mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na ukakamavu wa mwili) kwa mara ya kwanza karibu kila mara humwambia, "Tulia, zuia mkono." Tafadhali usimwambie hivyo. Akijikaza, mkono unaweza kutetemeka zaidi na anachoka kabla ya kuanza. Tunachotafuta ni aweze kuinuka, kutembea na kujigeuza kitandani, hata mkono ukiendelea kutikisika.

Kwanza, saa. Mwulizeni daktari wake kama mazoezi yanamfaa, hasa kama huanguka au hupata kizunguzungu anaposimama. Kwa anayetumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, andikeni kwa wiki moja saa anayomeza dawa na saa mwili unapokuwa mwepesi. Wengi huwa wepesi saa moja hivi baada ya dawa. Fanyeni mazoezi hapo.

Pili, kiti. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, na kiegemee ukuta.

Tatu, kuinuka. Hapa msiharakishe, maana zoezi hili ndilo linalomrudishia mtu uhuru wa kwenda msalani peke yake. Asogee ukingoni mwa kiti, avute nyayo nyuma ya magoti, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ahesabu kwa sauti "moja, mbili, juu!" Kuketi kuwe polepole, bila kujibwaga. Mara 5, apumzike, kisha tena mara 5. Mikono ikitikisika, aiegemeze mapajani.

Nne, kutembea kwa mapigo. Piga makofi, naye akanyage kwa hatua ndefu. Miguu ikiganda, usimvute, ataanguka. Asimame, ahamishe uzito kulia na kushoto, kisha avuke mstari uliobandikwa sakafuni. Mstari huo mara nyingi hufungua miguu iliyokataa kabisa.

Hayo ni ya Parkinson. Mwenye Huntington (ugonjwa wa kurithi wa ubongo unaofanya mwili ujirushe wenyewe) mpe nafasi pana isiyo na vitu vyenye ncha, na uangalie uzito wake, kwa kuwa hukonda upesi. Mwenye distonia ya shingo, yaani misuli ya shingo hujikaza yenyewe na kupinda kichwa, akigusa kidevu ili kichwa kitulie, mwache. Kugusa huko kunamsaidia. Usimnyooshe shingo kwa nguvu.

Mtetemo ukizidi baada ya mazoezi, mara nyingi ni uchovu. Ukipungua akipumzika, endeleeni kesho. Usipopungua mpaka siku ya pili, punguzeni idadi kwa nusu. Maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi: acheni papo hapo, mtafuteni daktari.